MySQL na PostgreSQL zikigoma kuwaka kwenye Mac: kusaka tatizo la ruhusa za faili

Kabla hujagusa `chmod` (amri ya kubadilisha ruhusa za faili), soma ujumbe wenyewe. Ukiona `Access denied for user 'root'@'localhost'` pamoja na namba 1045, seva yako ya hifadhidata ni nzima: imewaka, imekusikia, imekukatalia nenosiri. Hilo ni suala la akaunti zilizo ndani ya MySQL, na ukibadilisha wamiliki wa faili utaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Yanayofuata hapa yanamhusu mtu ambaye seva yake haiwaki kabisa, au inawaka lakini inashindwa kusoma au kuandika faili, na logi (faili ambamo seva huandika matukio yake) inataja namba 13, `Permission denied` au `Operation not permitted`.

Nyingi ya kesi hizi zinaisha ukijibu swali moja: seva inaendeshwa na mtumiaji gani? Wewe uliyeketi mbele ya Mac, hata ukiwa na haki zote za msimamizi, huenda huhusiki kabisa. Anayefungua `ibdata1`, faili kuu ya data ya MySQL, ni mchakato wa seva, na macOS inaangalia jina la mwendeshaji wa mchakato huo.

## Nani anaiendesha?

Jibu linategemea ulivyosakinisha. MySQL ya kifurushi cha `.dmg` kutoka Oracle inakaa `/usr/local/mysql`, data yake iko `/usr/local/mysql/data`, na inaendeshwa na `_mysql`, mtumiaji namba 74 ambaye Apple wanamweka ndani ya mfumo tangu mwanzo. MySQL ya Homebrew (programu ya kusakinisha vitu kupitia Terminal) inaendeshwa na wewe mwenyewe, na data iko `/opt/homebrew/var/mysql` kwenye Mac za chipu za Apple, au `/usr/local/var/mysql` kwenye zile za Intel. PostgreSQL ya Homebrew inafuata mtindo huohuo, mfano `/opt/homebrew/var/postgresql@16`. Ile ya kisakinishi cha kampuni ya EDB iko `/Library/PostgreSQL/16/data` na mwenye nayo ni mtumiaji aitwaye `postgres`.

Mac nyingi za watengeneza programu zina mbili kati ya hizi kwa pamoja. Mwenye mashine alijaribu kifurushi, hakikumfurahisha, akaja na Homebrew, na ile ya kwanza bado inawaka kila asubuhi. Kwa hiyo hakikisha:

```
ps aux | grep -E 'mysqld|postgres'
sudo find /usr/local/mysql/data ! -user _mysql -ls
```

Amri ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Haibadilishi kitu, inakuorodheshea tu kila faili ambayo mmiliki wake si yule anayetakiwa. Kama imerudi kimya, acha kuhangaika na wamiliki, tatizo liko kwingine. Kama imetoa mistari mitatu ya faili za `root` (mtumiaji mkuu wa mfumo) zenye tarehe ya jana, umeshajua pia nani aliandika `sudo`, amri ya kutenda kama `root`, jana.

## `The server quit without updating PID file`

Ujumbe huu hausemi lolote la maana. Unatoka kwenye skripti iliyosubiri faili ya PID (yenye namba ya mchakato wa seva) itokee, ikachoka. Sababu halisi iko kwenye logi: `mysqld.local.err` ndani ya folda ya data kwa kifurushi cha Oracle, au faili yenye jina la Mac yako na mwisho wa `.err` kwa Homebrew.

Hapa wengi wanakwama mapema. Wanaandika `sudo tail /usr/local/mysql/data/*.err`, zsh, yaani sheli inayosoma amri zako, inajibu `no matches found`, nao wanaamini logi haipo. Ipo. Nyota hutafsiriwa na sheli yako kabla `sudo` haijaanza kazi, na wewe huna ruhusa ya kuchungulia folda hiyo. Andika hivi:

```
sudo sh -c 'tail -n 60 /usr/local/mysql/data/*.err'
```

Ukikuta `The innodb_system data file 'ibdata1' must be writable`, au `Operating system error number 13`, hilo ni tatizo la mmiliki. Kwa kawaida limeletwa na folda ya data iliyonakiliwa kwa Finder (nakala inakuwa mali ya aliyenakili), au chelezo iliyorudishwa na `root`. Zima seva, kisha rudisha mmiliki kwa `chown`:

```
sudo chown -R _mysql:_mysql /usr/local/mysql/data/
```

Mkwaju wa mwisho una kazi. Kama `data` ni kiungo (symlink) kinachoelekea diski nyingine, `chown -R` ya Mac haikifuati bila huo mkwaju. Itamaliza bila kulalamika, na faili zitabaki zilivyokuwa.

Ukikuta `Unable to lock ./ibdata1 error: 35`, hilo si la ruhusa. Namba 35 kwenye Mac maana yake kuna mchakato mwingine umeshika faili hiyo. Kwenye Linux kosa hilohilo linakuja na namba 11, ndiyo maana ukitafuta mtandaoni unapata majibu yasiyolingana na yako. Una `mysqld` (seva ya MySQL) mbili zinazogombea folda moja. Izime ya ziada. Usifute `ibdata1`, usiihamishe. Namba 28 nayo ni diski iliyojaa, na hakuna `chmod` itakayoipunguza.

## Homebrew ilikuwa inafanya kazi hadi mtu alipotumia `sudo`

Huu ndio ugonjwa wa kawaida kuliko yote. Seva imegoma, mtu anajaribu `sudo brew services start mysql`, kwa imani kwamba `sudo` ni nguvu ya ziada. Sivyo ilivyo hapa. Amri hiyo inasajili huduma upande wa mfumo, ndani ya `/Library/LaunchDaemons`, na kukabidhi baadhi ya njia za Homebrew kwa `root:admin`. Homebrew inakuonya kabisa wakati inafanya hivyo, lakini onyo linapita haraka. Kuanzia hapo `brew services start` ya kawaida inaonyesha `error`, na hata `brew upgrade` inaanza kugoma.

PostgreSQL inakataa waziwazi: `"root" execution of the PostgreSQL server is not permitted`. MySQL inazunguka zaidi, kwa sababu `mysqld_safe`, skripti inayowasha `mysqld`, ikianzishwa na `root` inajaribu kuikabidhi seva kwa mtumiaji wa MySQL, ambaye hana haki kwenye folda yako. Unapata namba 13 na unadhani `sudo` haikutosha.

Rudi nyuma kwa utaratibu:

```
sudo brew services stop mysql
sudo find "$(brew --prefix)/var/mysql" ! -user "$(whoami)" -ls
sudo chown -R "$(whoami)":admin "$(brew --prefix)/var/mysql/"
brew services start mysql
```

Angalia pia `Cellar/mysql` na `opt/mysql` chini ya `brew --prefix`. Zikiwa za `root`, zirudishe kwako vilevile.

Kuna ushauri wa zamani unaozunguka hadi leo: `sudo chown -R $(whoami) /usr/local`. Kwenye Mac ya Intel yenye Homebrew peke yake, sawa, inapita. Lakini kama MySQL ya Oracle nayo iko kwenye mashine hiyo, folda yake halisi iko humohumo `/usr/local`, na umeinyang'anya `_mysql` data yake yote kwa mstari mmoja. Huenda isionekane leo, kwa kuwa seva inayoendelea kufanya kazi imeshafungua faili zake. Itaonekana siku umeme utakapokatika na Mac mini kuwaka upya.

## Mmiliki ni sahihi, ruhusa ni sahihi, bado inakataa

Faili kuwa na ruhusa haitoshi. Kila folda iliyo juu yake, hadi mzizi wa diski, lazima imruhusu mtumiaji wa seva kupita, yaani iwe na `x` upande wake. Ndiyo maana kuhamishia data `/Users/jinalako/data` kunavunja MySQL ya `_mysql`: kwenye macOS za karibuni folda ya nyumbani hufungwa kwa watu baki. Tembea njia yote, ngazi kwa ngazi:

```
d=/Users/Shared/db/mysql
while [ "$d" != "/" ]; do ls -lde "$d"; d=$(dirname "$d"); done
```

Sasa tazama mwisho wa herufi za ruhusa. Alama ya `+` maana yake kuna orodha ya ACL, sheria za ziada zinazosomwa kabla ya zile herufi tisa. Mstari kama `group:everyone deny delete` unatosha kuzuia seva kufuta faili zake za muda, hata kama `ls -l` ya kawaida inapendeza. Folda za nyumbani, na vilivyorudishwa kutoka chelezo, mara nyingi huja nazo. Ziondoe kwenye folda ya data tu:

```
sudo chmod -R -N /usr/local/mysql/data
```

Halafu jaribu `ls -lO`, herufi O kubwa. Neno `uchg` likitokea, faili imefungwa kwa bendera, kitu kilekile kinachofanywa na kisanduku cha Locked ndani ya Finder. Faili ya namna hiyo inamkatalia hata `root`, na inamkatalia kwa `Operation not permitted`. Dawa yake ni `sudo chflags -R nouchg` kwenye folda hiyo.

## `Operation not permitted` bila ACL wala bendera

Hapo umekutana na ulinzi wa faragha wa macOS, ambao hauonekani kwa `ls` ya aina yoyote. Ulianza na Mojave mwaka 2018, na Catalina mwaka 2019 ikaongeza Desktop, Documents na Downloads, pamoja na diski za nje na za mtandao. Dalili yake ni ya wazi: mtu anapakua CSV, anaandika `COPY wateja FROM '/Users/jina/Downloads/wateja.csv'`, PostgreSQL inakataa, lakini `cat` ya faili hiyohiyo kwenye Terminal inafanya kazi vizuri.

Tofauti ni kwamba Terminal ulishaipa ruhusa, pengine ulibonyeza OK bila kusoma. Seva iliyowashwa na launchd (sehemu ya macOS inayowasha huduma) haina dirisha la kukuuliza. Hii pia ndiyo sababu jaribio la `sudo -u _mysql ls` linaweza kupita huku seva yenyewe inakwama: amri hiyo inaazima ruhusa ya Terminal. Kwa njia za kawaida jaribio hilo ni zuri sana. Kwa folda hizi usiliamini.

Unaweza kuipa `mysqld` haki ya Full Disk Access kwenye mipangilio. Mimi sishauri. Utakuwa umeifungulia seva inayosikiliza mtandao faili zako zote kwa ajili ya CSV moja. Kwenye psql (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL) tumia `\copy` badala ya `COPY`, ili faili isomwe na psql upande wako. Kwenye MySQL tumia `LOAD DATA LOCAL INFILE`, ukikumbuka kuwa `local_infile` lazima iruhusiwe pande zote mbili. Au hamishia faili `/Users/Shared` na uipe ruhusa ya kusomwa. Ujumbe ukitaja `--secure-file-priv`, huo ni mpangilio wa MySQL wenyewe, wala macOS haihusiki.

## Data iko kwenye diski ya nje

Diski za nje kwenye Mac huja mara nyingi zikiwa zimeambiwa zisijali wamiliki. Katika hali hiyo kila anayetazama huona faili kama zake, na `chown` unayoipiga haina maana. Uliza:

```
diskutil info /Volumes/Data | grep Owners
sudo diskutil enableOwnership /Volumes/Data
```

Jibu likiwa `Disabled`, amri ya pili inarekebisha, kisha rudia `chown`. Diski ikiwa ni exFAT, basi haihifadhi wamiliki wala ruhusa kabisa. Nakili data kwingine na uifomati upya kwa APFS.

Kuna mtego mwingine hapa. Mac inapowaka, launchd inaweza kuanzisha seva kabla diski haijapachikwa. Kama kuna skripti inayojiundia folda `/Volumes/Data` wakati huo, diski halisi itakuja kwa jina `/Volumes/Data 1`, na utatumia mchana mzima ukirekebisha ruhusa za folda tupu.

## PostgreSQL inalalamikia uwazi, si ufinyu

Waliozoea MySQL wanashangaa hapa. PostgreSQL inagoma folda ya data ikiwa wazi kupita kiasi:

```
FATAL:  data directory "/opt/homebrew/var/postgresql@16" has invalid permissions
DETAIL:  Permissions should be u=rwx (0700) or u=rwx,g=rx (0750).
```

Hiyo 0750 imekubaliwa kuanzia toleo la 11. Kabla ya hapo ilikuwa 0700 peke yake. Sababu huwa ni `chmod -R` ya hasira. `chmod 700` kwenye folda ya juu inatosha kuiwasha. Ujumbe ukiwa `has wrong ownership`, rudisha mmiliki. Ukali huohuo uko kwa `server.key`, inayotakiwa kuwa 0600 ikiwa mali ya mtumiaji wa seva. Faili ya `~/.pgpass` ikiwa wazi, psql inatoa onyo, inaipuuza, kisha inakuuliza nenosiri, na unabaki kujiuliza kwa nini skripti ya usiku imesimama.

## Umeshapiga 777

Yaani `chmod 777`, ruhusa zote kwa kila mtu? Basi sikiliza. Kwanza, MySQL haiheshimu faili ya mipangilio ambayo kila mtu anaweza kuiandika: `World-writable config file '/etc/my.cnf' is ignored`. Ni onyo tu, na seva inaendelea kuwaka. Kama `datadir` yako (mahali pa folda ya data) ilitajwa ndani ya faili hiyo, seva inafungua folda ya kawaida, na unaona hifadhidata zimepotea zote. Hazijapotea. Usirudishe chelezo juu yake. Rekebisha faili kwanza:

```
sudo chown root:wheel /etc/my.cnf
sudo chmod 644 /etc/my.cnf
sudo find /usr/local/mysql/data/ -type d -exec chmod 750 {} +
sudo find /usr/local/mysql/data/ -type f -exec chmod 640 {} +
sudo sh -c 'chmod 600 /usr/local/mysql/data/*key.pem'
```

Mstari wa mwisho ni wa funguo za TLS (usimbaji wa mawasiliano), ambazo MySQL huziweka humohumo kwenye data. Na usitafute kitufe cha Repair Disk Permissions kwenye Disk Utility: kiliondolewa na El Capitan mwaka 2015, na hata kilipokuwepo hakikuwa kikigusa data ya MySQL.

## Soketi na `/tmp`

Ukishindwa kuunganisha kupitia `/tmp/mysql.sock`, faili ya soketi ambayo programu huitumia kuzungumza na seva, angalia namba ya mwisho. `(2)` ni soketi haipo, mara nyingi kwa kuwa seva haijawaka. `(13)` ni umekatazwa kuifikia. `(38)` kwenye Mac ni kwamba kuna faili yenye jina hilo lakini si soketi, kwa kawaida mabaki ya mtu aliyetumia `touch`. `(61)` maana yake hakuna anayesikiliza upande wa pili, iwe ni soketi iliyobaki baada ya seva kufa au bandari ya mtandao (TCP).

`/tmp` ni kiungo cha `/private/tmp`, na inapaswa kusomeka `drwxrwxrwt`. Ile `t` ya mwisho inamzuia mtu asifute faili ya mwenzake. Kosa la kawaida hapa ni hili: `could not open lock file "/tmp/.s.PGSQL.5432.lock": Permission denied`. Seva iliyowahi kuwashwa na mtumiaji mwingine imeacha kufuli lake. Hakikisha kwa `ps` kwamba hakuna seva hai, kisha futa kufuli na soketi yake kwa `sudo rm`. Kama `/tmp` yenyewe imeharibika, `sudo chmod 1777 /private/tmp`.

## Imewaka kwa mkono, haiwaki yenyewe

Faili ya plist (maelekezo ya launchd kuhusu huduma) ndani ya `/Library/LaunchDaemons` lazima iwe ya `root:wheel` na 644. Ukiihariri na kuihifadhi kwa jina lako, launchd inaikataa: `Path had bad ownership/permissions`. Wakati mwingine unapata tu `Bootstrap failed: 5: Input/output error`, ujumbe unaofanana na diski mbovu na ambao huwa hauhusiani na diski. Rekebisha mmiliki, kisha:

```
sudo launchctl bootstrap system /Library/LaunchDaemons/com.oracle.oss.mysql.mysqld.plist
sudo launchctl print system/com.oracle.oss.mysql.mysqld
```

Amri ya pili inakuonyesha hali ya huduma na jinsi ilivyotoka mara ya mwisho. Ukishamaliza, zima Mac na uiwashe, kwa sababu seva uliyoiwasha kwa mkono haijathibitisha chochote kuhusu plist.

Na ukihamia Mac mpya, zima seva, kisha nakili data kwa `sudo ditto`, ambayo hutunza wamiliki, badala ya kuburuta kwa Finder. Upande wa pili angalia `ls -ln`, ili uone namba badala ya majina. `_mysql` ni 74 kwenye kila Mac, kwa hiyo haina shida. Lakini mtumiaji wa kwanza wa kila Mac huwa 501, na `postgres` ya EDB inapewa namba yoyote iliyokuwa wazi siku ya kusakinisha. Data iliyokuwa ya `postgres` kwenye mashine ya zamani inaweza kufika ikiwa mali ya akaunti ya mhasibu.